Shukeni Mlango Mwekundu

Bi Syombua, umeniuliza njia.
Ramani ya simu usiifuate.
Itawapeleka hadi kwenye machimbo ya mawe,
na yule mwanamke wa ndani atatangaza mmefika,
mbele yenu shimo, na mbuzi wawili wanawatazama.
Wageni wa Pasaka walilala huko garini.
Asubuhi hawakunisalimu mpaka walipomaliza chai.

Basi nisikilize mimi.

Treni itawashusha Miritini jua likianza kupoa.
Dereva wa kwanza atawatajia bei ya mgeni;
wa pili ni shemeji yake.
Tokeni nje ya geti, mpande gari la mjini,
kisha la Kisauni, mpaka Utange. Watu wawili,
begi moja moja, hamtamaliza mia tano.
Mkiwa na mizigo, mpigieni Shee wa tuktuk.
Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii.
Kioo cha kushoto hana,
na ukimwambia aharakishe hupunguza mwendo.
Usimwambie.

Baada ya Utange lami inakwisha bila kuaga.
Hapo mtasikia harufu. Msirudi, ndiyo njia.
Mji mzima huja kumwaga huku ulichokwisha kula.
Mwanangu Mwaringa, alipopiga picha za tangazo,
jaa alilipa mgongo.
Mimi nawaambia: zibeni pua,
hesabuni mpaka mia, pasipo haraka;
kwenye themanini hivi mikorosho inaanza.

Shukeni Mlango Mwekundu.
Mlango wenyewe si mwekundu.
Kampuni ya simu iliupaka kijani mwaka juzi,
na kabla yake ulikuwa samawati,
msimu mmoja wa kura, kwa ajili ya diwani
aliyeshindwa.
Lakini semeni mwekundu.
Mkisema kijani, kondakta atawapitiliza
mkalale Kaloleni.

Pindeni kushoto penye mnazi wa nne.
Siku hizi ndio wa kwanza: mitatu ya mbele
tuliiuza mbao mwaka ule wa karo.
Fuateni ua wa michongoma mpaka uishe,
kisha endeleeni kana kwamba haujaisha.

Mvua ikinyesha, mambo ni mengine.
Udongo wa bondeni hushika gurudumu
kama mdai aliyekuona sokoni.
Shee atawaacha ng'ambo ya kijito, ana haki.
Mwiteni Nyanje na pikipiki yake,
huvusha mmoja mmoja, sanduku juu ya tangi.
Bei ni hamsini. Akisema mia, nitajeni.
Akishikilia mia, mpeni tu,
ana mtoto wa wiki tatu.

Jana Mwaringa alisoma haya akacheka.
Mama, andika kijani, wageni watapotea.
Nikamwambia dadako Dama yuko Doha,
mwaka wa tisa huu,
aliondoka mlango ukiwa mwekundu
na minazi ikiwa minne.
Chumba mtakacholala nilimjengea yeye,
dirisha nikaliweka alipoonyesha kwa kidole
siku tuliyopima kiwanja kwa kamba ya ng'ombe.
Siku akishuka pale na masanduku yake,
sitaki mtu amwambie hakuna kituo kama hicho.
Tumekubaliana sote, hata kondakta:
rangi ibadilike itakavyo, jina lisiguswe.

Mwaringa hakujibu. Alitoka kwenda kufunga mbuzi.

Yaliyobaki ni madogo.
Lango ni la kamba, livuteni juu kwanza.
Chumvi ipo, kiberiti leteni.
Mkichelewa hadi usiku, simameni penye mnazi
mniite kwa jina, Mbodze, msione haya.
Nitakuja na tochi.
Na kama mtaona miguu miwili tu na taa hamna,
ni mimi vilevile, betri zimekwisha.